Mzee ana kisukari, wewe uko kazini: Anayebaki naye nyumbani anajua nini?

Saa nne asubuhi nyumba imetulia. Watoto wako shule, baba na mama wako kazini, na aliyebaki na bibi mwenye kisukari ni dada wa kazi ambaye pengine hana hata miezi mitatu tangu afike mjini. Bibi alichomwa insulini saa moja, kabla binti yake hajakimbilia daladala. Chai ililetwa, akanywa nusu kikombe. Muhogo akaurudisha, hana hamu.

Mara anaanza kutoka jasho. Anaongea maneno yasiyoeleweka, anamwita dada kwa jina la mtu mwingine. Dada anadhani ni uzee, au usingizi. Anamlaza, anamfunika kanga, anarudi jikoni kuchambua mchele.

Hali hii inaweza kutokea katika nyumba yoyote yenye mzee anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari. Kinachoitwa uzee hapo ni sukari iliyoshuka kupita kiasi, na isiporudishwa haraka mgonjwa anaweza kupata degedege, kupoteza fahamu na hata kufariki dunia.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, inaitaja familia kuwa taasisi ya msingi ya kumtunza. Ndivyo ilivyo, ila mijini familia nayo huikabidhi kazi hiyo kwa mtu mwingine: dada wa kazi, au mjukuu aliyemaliza kidato cha nne na bado anasubiri matokeo.

Shida inaanzia kwenye safari ya kliniki. Anayempeleka mzee ni mtoto wake aliyeomba ruhusa kazini siku hiyo. Ndiye anayesikiliza maelekezo na kurudi na daftari na dawa. Anayepika, anayeogesha na anayekaa na mzee mchana kutwa hakuwepo. Kwake yanafika maneno mawili tu: dawa ni asubuhi na jioni, na mzee asipewe sukari.

Hilo la pili ndilo la kuogopwa. Msichana aliyekatazwa sukari kwa ukali hatathubutu kumpa bibi sukari, hata siku ambayo vijiko vitatu vingemwokoa.

Sukari ikishuka

Dalili zake ni jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuona ukungu. Kwa wazee hazijitokezi zote. Wengine huwa wakali bila sababu, wengine hupooza maneno au kulegea kama waliopata kiharusi. Mzee anayetumia pia baadhi ya dawa za presha, kama atenolol au propranolol, anaweza asitetemeke wala moyo usiende mbio, kwa kuwa dawa hizo huficha dalili hizo.

Kama kuna mashine ya kupimia, namba iliyo chini ya 4 kwa mashine zinazosoma kwa mmol/L, au chini ya 70 kwa zinazosoma kwa mg/dL, inamaanisha sukari imeshuka. Kama mashine haipo au stripu zimeisha, dalili zinatosha. Kumpa sukari mtu ambaye haikuwa imeshuka hakumdhuru sana kwa mara moja, lakini kumnyima aliyeshuka kunaweza kumuua.

Anayeweza kumeza apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari iliyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Chokoleti na maziwa mazito huchelewa kwa sababu ya mafuta. Baada ya dakika 15 apimwe tena au aangaliwe. Kama bado, apewe tena. Akizinduka ale chakula, kwa mfano uji au mkate, maana sukari ile haikai.

Aliyezimia hapewi chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitali mara moja.

Anayetumia vidonge vya glibenclamide apelekwe hospitali hata kama amezinduka, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60. Bado iko kwenye mifuko ya dawa ya wazee wengi. Familia isimwachishe mzee ghafla, ila iende na pakiti kliniki na kuuliza kama kuna nyingine ya kumbadilishia.

Kuna swali jingine la kuuliza siku hiyo: sukari ya mzee huyu inatakiwa iwe kiasi gani? Mzee dhaifu, mwenye maradhi mengine au anayesahau hapangiwi lengo sawa na la kijana wa miaka 35. Madaktari huwalegezea lengo wazee wa namna hiyo, kwa sababu kuishusha sana kuna hatari kuliko kuiacha juu kidogo. Familia inayojivunia namba ndogo kila asubuhi inaweza kuwa inajivunia hatari.

Chakula na dawa

Insulini ya mchanganyiko inayochomwa asubuhi hutegemea kifungua kinywa kinachofuata. Kwa hiyo kabla ya sindano chakula kiwe kimeiva na mzee awe ameonyesha kwamba atakula. Kama anatapika au hataki kabisa, mlezi apige simu kwanza. Ni jambo la kukubaliana na daktari mapema: asipokula, dozi inakuwaje?

Kosa jingine ni dozi mara mbili. Mzee anajichoma mwenyewe alfajiri, anasahau, binti anamchoma tena. Kalenda ukutani yenye alama ya kila dozi inamaliza ubishi huo. Na mzee ambaye macho yamefifia asiachiwe kusoma mistari ya bomba la sindano peke yake, hata akisisitiza. Wengi husisitiza.

Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Ikishaganda imeharibika.

Miguu jioni

Kisukari cha muda mrefu huleta ganzi. Mzee anaweza kukanyaga kaa la moto lililodondoka jikoni au kutembea na kokoto kwenye kiatu asisikie. Kidonda kinagunduliwa kinaponuka.

Dakika tano wakati wa kuoga zinatosha: kuangalia nyayo na katikati ya vidole, kukausha vizuri, kupaka mafuta juu na chini lakini si katikati ya vidole. Maji ya kuogea apime mlezi kwa kiwiko, si mzee kwa mguu wake. Babu anayeona aibu kushikwa miguu na msichana wa kazi, kazi hiyo apewe mjukuu wa kiume. Kuiacha isifanyike kwa sababu ya aibu ndiko kunakoishia kukatwa mguu.

Yote haya hayahitaji muuguzi wa kulipwa, na familia chache zinamudu mmoja. Yanahitaji anayebaki nyumbani aende kliniki angalau mara moja, akae kwenye kiti kando ya mzee, aulize mwenyewe. Nauli yake ni ndogo. Akirudi, kopo dogo la sukari liwekwe chumbani kwa bibi na kijiko chake, simu ya nyumbani iwe na salio, na namba za binti na za kituo cha afya ziandikwe kwa herufi kubwa ukutani, juu ya kalenda ya dawa.