Maradhi ya Tumbo kwa Watu Wazima Katika Njia za Tabora

Maradhi ya mfumo wa chakula, yaani yale yanayoshika umio, tumbo, utumbo, ini na kongosho, hayawapati watu wazima wanaolazwa hospitalini kwa kiwango kimoja kila mahali, kwa kuwa hufuata maji wanayoyatumia, umri wao na njia wanazozipita.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilitua Tabora, kisha ikashika njia ya Ujiji au ya kaskazini kuelekea Karagwe, na wapagazi waliteswa sana na kuhara damu, ambako husababishwa na amiba au bakteria wanaochubua ukuta wa utumbo mpana. David Livingstone, aliyekaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872, alifariki mwaka uliofuata akiwa amedhoofishwa na kutokwa na damu tumboni. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kilichoonyesha jinsi kipindupindu kilivyosafiri katika njia za biashara, wakati wataalamu walikuwa bado wanabishana kuhusu chanzo chake.

Maradhi hayo ya ghafla hayajatoweka, lakini mengi yanayomlaza mtu mzima leo yalianza miaka mingi nyuma, na linalostahili kuangaliwa zaidi Tabora ni kichocho cha tumbo. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914 na Mwanza mwaka 1928 iliendeleza mwendo ule ule wa watu kati ya Tabora na maziwa mawili yaliyo Kigoma na Mwanza, ambako minyoo ya kichocho hupatikana, nayo humwingia mtu kupitia ngozi anapooga, kuvua au kufua katika maji yenye konokono wanaoilea. Mayai ya minyoo hiyo hunasa katika vishipa vidogo vya ini na kuacha makovu yanayozuia damu itokayo utumboni kupita. Presha hupanda katika mshipa unaoipeleka damu hiyo kwenye ini, bandama huvimba, na mishipa ya umio hutanuka hadi kupasuka, mgonjwa akatapika damu ingawa ini lake bado linafanya kazi vizuri na macho yake hayana manjano.

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu mtu kama huyo huenda amekuwa akinunua dawa za vidonda vya tumbo kwa miaka. Vidonda halisi vipo kwa wingi, vikiletwa na bakteria aitwaye Helikobakta pailori au na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, lakini tiba yake haiwezi kuzuia mshipa wa umio usipasuke. Kamera ya tumbo ndiyo inayotofautisha hali hizo mbili, na kupitia kamera hiyo hiyo mshipa uliotanuka hufungwa. Pasipo na kamera, altrasaundi huonyesha makovu ya ini na ukubwa wa bandama. Prazikwanteli huua minyoo, ila makovu ya muda mrefu huweza kubaki, kwa hiyo mkazi wa Tabora anayetapika damu anapaswa kuulizwa, pamoja na chakula na dawa anazotumia, kama amewahi kuishi au kuvua Mwanza, Ukerewe au Kigoma, hata kama ni zamani, utotoni.