Kompyuta za benki: kosa la usiku lililogusa wateja milioni 6,5

Usiku, benki inapofunga milango, kompyuta zake zinaendelea na kazi: kuingiza mishahara, kupitisha malipo, kuhesabu salio la kila mteja. Kuna programu inayoamua kazi gani itangulie na gani ingoje.

Juni 2012, kundi la benki RBS la Uingereza liliweka toleo jipya la programu hiyo. Shida zilipoonekana, mafundi waliliondoa bila kupima kwanza matokeo yake. Kazi za usiku zikakwama. Kampuni zingine zilishindwa kulipa wafanyakazi, wasafiri wakabaki ugenini bila pesa. Novemba 2014, RBS ilitozwa faini ya paundi milioni 56.

Kwa kampuni inayochagua programu ya namna hiyo, iwe London ama Bukavu, kuuliza bei peke yake hakutoshi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, itaendelea pale ilipoishia, ama italipa mtu mmoja mara mbili? Kazi ikikwama saa nane za usiku, inamjulisha nani? Na njia ya kurudi kwenye toleo la zamani, imekwisha kujaribiwa?