Katembe kadogo, tumbo moja: Fikiria kabla ya kuongeza dawa ya maumivu

Umeamka vidole vimekaza, hata kufungua mkebe wa majani chai ni shughuli. Daktari alikuambia ni baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo vyako. Akakuandikia prednisolone, tembe moja ya miligramu 5 kila asubuhi. Umeimeza. Lakini ikifika saa nane mchana, magoti yanauma tena, na duka la dawa liko hapo tu ng'ambo ya barabara. Unaitisha diclofenac, unalipa kwa simu, unameza, unarudi kazini.

Muuzaji hakukuuliza unatumia nini kingine. Wewe nawe hukusema. Nani huhesabu katembe ka miligramu 5?

Kahesabu.

Diclofenac, ibuprofen, naproxen na aspirin ni za ukoo mmoja. Hutuliza maumivu kwa kuuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huchochea uvimbe. Noma ni kwamba kemikali hizo hizo ndizo hulinda utando wa ndani wa tumbo usichomwe na asidi. Dawa haijui kuchagua: ikizizima gotini, imezizima na tumboni. Prednisolone nayo huchelewesha kidonda kupona. Yaani mmoja anatoboa ukuta na mwenzake anamfukuza fundi.

Mwaka wa 1991, watafiti wa jimbo la Tennessee, Marekani, walichapisha matokeo kuhusu wazee wa miaka 65 na zaidi. Waliomeza steroidi peke yake hatari yao ya vidonda vya tumbo haikupanda kwa kiasi cha kutisha. Waliochanganya na dawa hizi za maumivu, hatari ilikuwa karibu mara 15 ya wale wasiotumia yoyote kati ya hizo mbili.

Najua utasema wewe si mzee. Sawa, na hatari yako ni ndogo kuliko yao. Lakini kama umewahi kuugua vidonda vya tumbo, au unavuta sigara, au wikendi haipiti bila chupa, usijipe moyo sana. Isitoshe, dawa hizi zinaweza kuficha maumivu ya kidonda, ukagundua tu kimeanza kuvuja damu: choo cheusi kama lami, matapishi kama machicha ya kahawa, kizunguzungu. Hapo usingoje kesho, kimbia hospitali.

Sisemi mchanganyiko huu ni marufuku. Kuna wakati daktari huandika zote mbili makusudi, kwa siku chache, na kuongeza dawa ya kulinda tumbo kama omeprazole. Tofauti ni kwamba yeye anajua unachomeza.

Kwa maumivu ya kawaida, paracetamol haichubui tumbo hivyo. Mtu mzima asizidishe tembe 8 za miligramu 500 kwa siku, na mwenye shida ya ini au mnywaji aulize kwanza. Haipunguzi uvimbe, kwa hivyo usitarajie miujiza.

Na tafadhali, hofu isikufanye uache prednisolone ghafla. Ukiitumia kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hulegea kutengeneza homoni yake ya asili. Hupunguzwa polepole, kwa maelekezo ya daktari. (Ile poda ya "mitishamba" inayomaliza maumivu usiku mmoja? Iogope. Katika nchi mbalimbali, poda za aina hiyo zimepimwa zikakutwa na steroidi ndani.)

Ukienda dukani, anza na hili: "Daktari, mimi niko kwa prednisolone, utanipa gani isiyoniumiza tumbo?" Piga picha karatasi za dawa zako zote, zikae kwa simu. Na ukiona kila siku lazima uongeze dawa ya maumivu ndipo ufike jioni, rudi kliniki kabla ya tarehe yako. Huenda matibabu ya ugonjwa wenyewe ndiyo yanahitaji kubadilishwa.