Jinsi ya kupunguza kelele na mitetemo ya kompresa katika karakana za Meru na Embu

Mafundi wanaopaka magari rangi, wanaojaza magurudumu hewa na wanaotengeneza samani katika miji ya Meru na Embu wanaweza kupunguza pakubwa kelele za kompresa zao bila kununua mitambo mipya, mradi waelewe sauti hiyo hutoka wapi na hupitia njia gani hadi kumfikia jirani.

Suala hili si la starehe tu. Kompresa inayonguruma kutwa nzima humpokonya fundi uwezo wake wa kusikia polepole bila yeye kutanabahi. Wakati huo huo, humtia katika hatari ya kuzozana na majirani na hata kufikishwa mbele ya sheria, kwani karakana nyingi zimepakana na nyumba za kupangisha, maduka, shule na makanisa.

Hali ni iyo hiyo katika vituo vya biashara vilivyo kando ya barabara kuu inayounganisha miji hiyo miwili, kama vile Runyenjes, Chuka na Nkubu, ambako magari ya abiria na ya mizigo husimama kutengenezwa magurudumu mapema asubuhi na hata baada ya jua kutua.

Madhara yasiyotibika

Ndani ya sikio mna chembechembe ndogo zenye vinyweleo ambazo hupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Chembechembe hizo zikiharibiwa na kelele hazioti tena, na hakuna dawa wala upasuaji unaoweza kuzirejesha.

Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Fundi aliyeathiriwa huendelea kusikia watu wakizungumza, lakini hushindwa kutofautisha sauti kama vile "s", "f" na "sh", hasa akiwa sokoni au mkutanoni. Dalili nyingine ni mlio masikioni baada ya kazi, na kuongeza sauti ya redio kupita kiasi kinachowaridhisha wengine nyumbani.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki si kama cha mita au kilo, kwani nyongeza ya desibeli 3 pekee huwa na maana kwamba nguvu ya sauti imeongezeka maradufu. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, NIOSH, hupendekeza kwamba mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Ikifika desibeli 88, muda huo hupungua hadi saa 4, na ikifika 91 huwa saa 2 tu.

Kompresa ndogo ya pistoni inaweza kufikisha desibeli 90 kwa mtu aliye umbali wa mita 1. Asiye na kifaa cha kupimia anaweza kutumia njia rahisi: iwapo watu wawili waliosimama umbali wa mkono mmoja hawawezi kusikilizana bila kupaza sauti, basi kelele hiyo imefikia kiwango cha kudhuru masikio.

Sheria ilivyoweka mipaka

Nchini Kenya, kanuni za kuzuia kelele kazini za mwaka wa 2005 ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa mfanyakazi kwa muda wa saa 8, na kumtaka mwajiri aweke mpango wa kupunguza kelele zinapozidi desibeli 85.

Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira zilimlenga jirani. Katika maeneo yenye mchanganyiko wa makazi na biashara, ziliweka kikomo cha desibeli 55 mchana na 35 usiku, usiku ukihesabiwa kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Aidha, zilipiga marufuku mitetemo inayozidi sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa ploti inakotoka.

Katiba iliyoidhinishwa mwaka wa 2010 nayo ilizipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele na kero nyinginezo za umma. Hivyo basi, mlalamishi anaweza kupeleka kilio chake kwa kaunti au kwa NEMA, ambayo ni mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira.

Hesabu ifuatayo yaonyesha ukubwa wa tatizo. Katika uwanja wazi, kelele hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezwa maradufu. Kompresa yenye desibeli 90 kwa mita 1 itakuwa na 84 kwa mita 2, 78 kwa mita 4, 72 kwa mita 8 na 66 kwa mita 16. Jirani aliye mita 16 kutoka karakana bado hupata desibeli 11 zaidi ya kikomo cha mchana. Kwa hivyo, kusogeza mtambo pekee hakutoshi.

Kelele hutoka wapi?

Watu wengi hudhani kwamba mngurumo wote hutoka kwenye mota. Ukweli ni kwamba kompresa ya pistoni ina vyanzo vitatu vikuu vya sauti, na kila kimoja huhitaji dawa yake.

Cha kwanza ni tundu la kuvutia hewa. Kila pistoni inaposhuka hufyonza hewa kwa ghafla, na mifyonzo hiyo mingi kwa sekunde ndiyo hutoa ule mdundo mzito unaosafiri mbali na kupenya kuta. Cha pili ni vyuma vyenyewe, yaani mota, feni, belti, vali na beringi. Cha tatu ni mitetemo inayoteremka kupitia miguu ya tangi hadi sakafuni, kisha ikapanda kwenye kuta na mabati ambayo huvuma kama ngoma.

Miinuko ya eneo hili huongeza mzigo. Mji wa Embu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Meru karibu mita 1,500. Katika kimo cha Meru, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na Mombasa. Pistoni hupata hewa kidogo kila inapovuta, na kwa hivyo mtambo ule ule hulazimika kunguruma kwa muda mrefu zaidi ili kujaza tangi la ukubwa ule ule.

Anza na matengenezo

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Mtambo uzimwe, uchomolewe kwenye umeme na hewa yote itolewe tangini. Kisha fundi akaze kila bolti na nati iliyolegea, hasa za kikinga belti, ambacho mara nyingi ndicho hutoa mlio wa kukwaruza. Belti ikaguliwe iwapo imechakaa, na puli zote mbili zihakikishwe kuwa zimenyooka kwenye mstari mmoja. Mafuta yawe ya kiwango na aina iliyopendekezwa na mtengenezaji.

Baada ya hapo, tangi lijazwe na viungo vyote vya mipira na mabomba vipakwe povu la sabuni. Panapotoka mapovu ndipo hewa inapovuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta: uvujaji mdogo huifanya kompresa iwake mara kwa mara hata wakati hakuna kazi, na hivyo kuongeza kelele na gharama ya umeme kwa pamoja.

Shinikizo nalo liangaliwe. Magurudumu ya gari dogo huhitaji takriban psi 30 hadi 35, ilhali ya lori huweza kuhitaji psi 100 na zaidi. Karakana inayohudumia magari madogo pekee haina haja ya kujaza tangi hadi kikomo chake, kwa kuwa mtambo hufanya kazi kwa bidii na kwa muda mrefu zaidi kadiri shinikizo linavyopanda.

Tenganisha mtambo na sakafu

Kosa la kawaida ni kuifunga kompresa kwa bolti moja kwa moja kwenye saruji ili isitembee. Kufanya hivyo huigeuza sakafu nzima kuwa sehemu ya mtambo, na pia huweza kupasua miguu ya tangi kwenye viungo vilivyochomelewa.

Dawa yake ni kuweka vikalio vya mpira chini ya kila mguu. Mpira unaofaa ni ule unaobonyea kidogo mtambo unapoukalia na kurudi unapoondolewa. Kipande kigumu cha gurudumu kuukuu kisichobonyea hakisaidii sana. Uzito nao ugawanywe sawasawa, kwani mguu mmoja ukielea hewani mtambo wote utayumba.

Fundi anaweza kupima matokeo kwa kuweka bilauri ya maji sakafuni karibu na mtambo. Maji yakitetemeka sana, mitetemo ingali inapita. Vilevile, bomba la chuma lililofungwa ukutani lisiunganishwe moja kwa moja na kompresa. Kipande cha mpira unaonyumbulika, uliotengenezwa kuhimili shinikizo na joto la mtambo huo, kiwekwe kati yao ili kuzuia mitetemo isipite.

Nyamazisha tundu la hewa

Hatua hii mara nyingi ndiyo huleta nafuu kubwa zaidi kwa gharama ndogo. Badala ya kuacha chujio dogo la kompresa likivuta hewa ndani ya karakana, tundu hilo linaweza kuunganishwa kwa mpira mnene na kasha la chujio la hewa kutoka kwa gari kuukuu, kifaa kinachopatikana kwa urahisi kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika. Nafasi iliyo ndani ya kasha hilo hutuliza mifyonzo ya pistoni kabla haijatoka nje kama sauti.

Masharti ni mawili. Mpira usiwe mwembamba kuliko tundu lenyewe, kwani kompresa itakosa pumzi, itapata joto kupita kiasi na kujaza tangi polepole. Pia mdomo wake uwe mahali penye hewa safi, mbali na vumbi, moshi wa magari na mvuke wa rangi.

Kibanda cha kompresa

Baada ya hatua hizo, ndipo fundi afikirie kujenga kibanda. Kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta. Ukuta wa mawe ya kuchonga au matofali huzuia sauti vizuri kuliko bati. Mlango nao uwe mzito na usiwe na nyufa, kwa kuwa sauti hupita penye upenyo kama maji.

Trei za mayai ambazo baadhi ya watu hubandika ukutani ni nyepesi mno, hazizuii kelele kutoka nje, na hushika moto upesi. Magodoro ya sponji ni hatari zaidi, hasa palipo na rangi na petroli. Pamba ya mawe ambayo haiungui ndiyo inayofaa kufyonza mwangwi ndani ya kibanda.

Hata hivyo, kompresa isifungiwe kabisa. Mtambo usiopata hewa ya kuupoza huunguza mafuta yake, na mabaki yake huweza kusababisha moto ndani ya mabomba. Kibanda kiwe na tundu la kuingizia hewa chini na jingine la kutolea hewa moto juu, na ikiwezekana feni. Matundu hayo yapitie vijia vilivyopinda ili hewa ipite huku sauti ikigonga kuta na kufifia. Matundu yasielekee upande wa nyumba za watu.

Kompresa zinazoendeshwa kwa injini ya petroli zina hatari ya ziada. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na ambayo huua kimyakimya. Mitambo hiyo isiwashwe kamwe ndani ya chumba au kibanda wanamoingia watu.

Usalama wa tangi usisahaulike katika jitihada hizi zote. Maji yatolewe kila siku ili kutu isile chuma kutoka ndani, vali ya usalama isichezewe, na tangi lililotoboka lisichomelewe kienyeji. Tangi linaloshindwa kuhimili shinikizo hulipuka kama bomu.

Masikio na saa za kazi

Hata kompresa ikitulizwa, mlio wa hewa inayotumika kupuliza vumbi huweza kuzidi ule wa mtambo wenyewe. Kwa sababu hiyo, wafanyakazi wavae vifunika masikio wakati wote wa kazi zenye kelele, na wanaosikia mlio masikioni wakapimwe hospitalini mapema.

Kwa majirani, saa za kazi zina uzito mkubwa. Fundi akijaza tangi kabla ya saa mbili jioni na kuzima mtambo, hewa iliyohifadhiwa inaweza kumhudumia mteja mmoja au wawili waliochelewa bila kuamsha watoto wa ploti jirani. Kadiri tangi lilivyo kubwa ndivyo muda huo wa ukimya unavyorefuka.

Anayepanga kununua mtambo mpya akumbuke kwamba zile zilizounganishwa moja kwa moja na mota kwa kawaida huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika, ilhali nyingi za belti huzunguka mara 1,000 hivi, na kwa hivyo huwa na sauti ya chini. Bei yake huwa juu, lakini masikio yakishaharibika hakuna duka la vipuri linalouza mengine.