Kisu Asichouza Mhunzi

Anayetaka kujua kisu kizuri ni kipi asianzie mezani pa muuzaji. Atazame mfukoni na kiunoni mwa yule anayevifua. Mhunzi ana uwezo wa kujitengenezea kisu chochote: kirefu, chenye mpini wa pembe ya ng'ombe, chenye ala ya ngozi iliyotiwa nakshi. Hata hivyo, kile anachotembea nacho kila siku, kile anachomenyea muhogo na kukatia kamba, mara nyingi ni kifupi, chembamba, na mpini wake ni kipande cha mti kisicho na pambo lolote. Watu husema mfinyanzi hulia gaeni, wakimaanisha kwamba fundi hafaidi kazi ya mikono yake. Kwa mhunzi na kisu chake, mimi naona kinyume. Kile kidogo alichobaki nacho ndicho alichokichagua akiwa na akili timamu, na katika uchaguzi huo mna desturi inayofaa kuandikwa na kurithishwa.

Desturi hiyo naielezea kutoka Kakese, kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Ni nchi ya mbuga na mpunga, na nje ya mashamba kuna miombo inayolisha nyuki. Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa ni wenyeji wa ukanda huu, nao Wasukuma waliingia na ng'ombe wao katika miongo ya karibuni, wakaja pia na ujuzi wa kulima majaruba. Mchanganyiko huo wa watu ni mchanganyiko wa kazi, na kila kazi ina chuma chake. Mvunaji anataka mundu. Mrina asali anataka shoka la kupandia mtini na kisu cha kukatia masega. Mfugaji anataka kisu cha kuchunia. Mama jikoni anataka kisu kisichochoka mbele ya mboga na samaki. Wote hao, wakati fulani wa mwaka, hupita kwa mhunzi.

Zamani chuma chenyewe kilitoka ardhini. Wafipa wa upande wa kusini walijenga malungu, yaani tanuri za udongo zinazokaribia mita 3 kwenda juu, zikivuta upepo zenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kushika mvukuto. Yaliyotoka humo yalisafishwa tena katika tanuri ndogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika, kisha yakaenda kufuliwa kuwa majembe, mikuki, shoka na visu. Waliofanya kazi hiyo walishika miiko mikali. Walijitenga na wake zao wakati wa kuyeyusha, na mkuu wao alikuwa na dawa alizozifukia chini ya tanuri kabla ya moto kuwashwa. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, amefanya utafiti wa miaka mingi juu ya uhunzi huo wa Ufipa, na masalia ya malungu bado yamesimama katika nyanda za Rukwa.

Majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yaliingia wakati wa ukoloni, yakauzwa kwa bei ambayo tanuri haikuweza kushindana nayo, na kuyeyusha kukakoma. Kufua hakukukoma. Reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda kufikia mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na kadiri mashine na magari yalivyozidi katika nchi, ndivyo vyuma chakavu vilivyozidi. Mhunzi aliyekuwa akingoja mawe ya chuma yayeyuke akawa anangoja gari livunjike springi.

Springi ya gari ndiyo malighafi inayopendwa na wahunzi karibu kote Afrika Mashariki, na sababu yake ni ya kitaalamu. Ina kaboni ya kutosha, asilimia 0.6 hivi, kiasi kwamba chuma kikipashwa moto hadi kiive na kuchovywa ghafla kinakuwa kigumu na kushika makali. Nondo laini haifanyi hivyo. Utaifua vizuri, utaing'arisha, lakini baada ya muhogo wa tatu makali yamelala. Mhunzi mzoefu haulizi maabara. Anagonga kipande kwenye fuawe na kusikiliza mlio wake, au anakigusisha kwenye jiwe la kunolea la mashine na kutazama cheche.

Kazi yenyewe huamuliwa na rangi. Kisu kikishapata umbo, hurudishwa kwenye makaa mpaka kiwe chekundu cha kuiva, kisha huchovywa kwenye mafuta au maji. Hapo ni kigumu mno, kikianguka sakafuni kinaweza kukatika. Kwa hiyo hukwanguliwa kidogo ili bapa ling'ae, kikapashwa tena polepole, na fundi akatazama rangi zinavyotambaa kutoka mgongoni kwenda kwenye makali: kwanza manjano ya nyasi kavu, halafu kahawia, halafu zambarau, mwisho buluu. Anayefua kisu husimamisha moto kwenye manjano au kahawia. Akisinzia mpaka buluu, amerudisha springi, yaani chuma kinachopinda na kurudi bila kuvunjika, ila makali yake hayadumu. Uamuzi huo ni wa muda mfupi sana, na hauonekani tena kisu kikishang'arishwa. Mnunuzi hawezi kuuona. Visu viwili vinavyofanana mezani vinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi.

Ndiyo maana mhunzi hujiwekea kisu chake mwenyewe, kutoka chuma kile kile na moto ule ule anaowapa wateja. Akitembea nacho, akikinoa kwenye kinoo jioni, mkono wake unampa taarifa. Makali yakimeguka, alikiacha kigumu kupita kiasi. Yakijikunja, alikipasha kupita kiasi. Hivyo anajua kosa lake kabla halijamfikia mvunaji aliye katikati ya shamba. Nilimsikia kijana mmoja akimwomba mzee wa kazi hii amuuzie kile alichokuwa akikatia ugoro.

“Shikamoo babu. Naomba hicho chako, nitakulipa vizuri.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hiki hakiuzwi. Hiki ndicho kinachoniambia kama moto wangu ulikuwa sawa. Lete springi, nitakufulia chako.”

Udogo wa kisu hicho nao una maana. Kazi nyingi za siku ni ndogo: kutoa mwiba mguuni, kukata kamba ya gunia, kumenya muwa, kuchonga kijiti cha kufungia. Kisu cha urefu wa kiganja kinatosha, hakilemei, na makali membamba hupenya mahali ambapo panga haliwezi. Mara nyingi kimetokana na mabaki, yaani ncha ya springi iliyobaki baada ya kufua panga, au tupa iliyokwisha meno. Mpini ni wa mninga au mti mwingine mgumu, umechomekewa mkia wa kisu uliopashwa moto, hivyo ukipasuka unabadilishwa siku hiyo hiyo. Kisu ambacho mwenyewe anaweza kukifungua, kukinoa na kukitia mpini mpya kinaweza kudumu mpaka bapa liishe kwa kunolewa.

Wapo pia wenye kisu cha kukunja, kilichonunuliwa mnadani, kwa sababu kinaingia mfukoni bila ala na hakimtishi mtu ndani ya basi. Mhunzi akikichagua hukikagua kwa jicho la fundi: hukifungua na kukifunga, husikiliza kama springi ya mgongoni ina nguvu, hutikisa bapa kuona kama ribiti imelegea. Katika dunia pana, visu vya kukunja vilivyopendwa muda mrefu ndivyo vilivyo rahisi. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890 milimani Savoie, ni bapa, mpini wa mti na pete ya chuma tu. Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, ikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo, na tangu miaka ya 1980 inatengenezwa Afrika Kusini. Vyote viwili vilikusudiwa mtu wa kazi, si mtu wa maonyesho.

Kisu cha heshima nacho kina mahali pake. Jambia la Omani limo hata kwenye bendera ya nchi hiyo. Sime ya Mmaasai katika ala nyekundu ni sehemu ya vazi la morani, ingawa Wamaasai kwa kawaida waliwatenga wahunzi wao, Ilkunono, na kukataa kuoana nao. Jambo hilo linaniuma. Mtu alikichukua chuma kwa mikono miwili, kisha akamkataa aliyekifua. Katika vijiji vyetu vya mchanganyiko kama vya Kakese, mhunzi ni jirani, na watoto wake wanasoma na watoto wetu. Hiyo ni hatua ya utu tusiyopaswa kuipoteza.

Kisu kidogo kina adabu zake pia. Unapompa mtu, unashika upande wa bapa na kumwelekezea mpini. Hakuna kumnyooshea mtu ncha, hata kwa utani. Kwenye ugomvi au kilabuni, mwenye busara hukiacha nyumbani. Kisu cha kuchinjia hutengwa, nacho hunolewa mapema ili mnyama asiteseke, mafundisho ambayo Uislamu unayasisitiza, na ambayo hata jirani Mkristo anayeshiriki nyama hiyo huyaheshimu. Anayeazima kisu hukirudisha kikiwa safi, na akiwa muungwana, kikiwa kimenolewa.

Leo soko limejaa visu vyembamba vya bei ya chini vinavyong'aa siku ya kwanza na kutupwa mwezi wa pili. Siwalaumu wanaovinunua, fedha ni ngumu. Lakini kila kisu kinachotupwa ni kazi iliyomkosa mhunzi, na mhunzi akikosa kazi, mwanawe hajifunzi kutazama rangi za moto. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA vina nafasi ya kuwapa wazee hawa wanafunzi, na wanafunzi hao vyeti. Sisi wengine tuna nafasi iliyo karibu zaidi. Kisu kikilegea mpini au kikipoteza makali, tukipeleke kwake. Na tunapotaka kipya, tumwombe atuonyeshe kile anachotembea nacho, kisha tumwambie atufulie kama hicho.