Hamu ya Kula Hurudi Mwisho: Maisha Baada ya Kupandikizwa Uloto

Wanaouguza ndugu zao huku ugenini huniuliza jambo moja kuliko yote: "Daktari anasema uloto umeshika na damu inapanda, mbona bado hali?" Ni swali lenye uchungu, kwa sababu kwetu kula ndio ushahidi wa kupona. Mgonjwa akimaliza sahani, nyumba nzima inapata usingizi. Akiirudisha ilivyokwenda, minong'ono inaanza jikoni: amekata tamaa huyu.

Mara nyingi hajakata tamaa. Ni matibabu yenyewe yamempitia mwilini.

Daktari Mmarekani E. Donnall Thomas ndiye aliyechapisha mwaka 1957 majaribio ya mwanzo ya kuwaingizia wagonjwa uloto wa mtu mwingine, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo matibabu hayo hutolewa kwa saratani za damu na kwa selimundu, ugonjwa unaogusa familia nyingi za kwetu. Tanzania nako huduma imeshaanza, Muhimbili na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kabla ya kupokea uloto mpya, mgonjwa hupewa dawa kali, pengine na mionzi, ili uloto wa zamani uondoke. Kisha seli shina huingizwa kupitia mshipa, jinsi mtu anavyoongezwa damu. Tendo hilo ni la utulivu kiasi kwamba ndugu wengi hushangaa: ndiyo hiyo tu?

Mateso huja baadaye. Dawa zile hushambulia kila seli inayojigawa haraka: mizizi ya nywele, utando wa kinywa, utumbo, na vionjio vya ulimi. Ndiyo sababu wanaopewa melfalani, moja ya dawa hizo, hunyonyeshwa barafu wakati dawa inaingia. Mishipa ya kinywa husinyaa na dawa hufika pale kidogo. Uloto mpya huchukua kama wiki mbili hadi nne kuanza kutoa chembe, na vidonda vya kinywa huanza kupona karibu na wakati huo. Ladha haifuati ratiba hiyo. Inaweza kuchukua miezi. Aliyepandikizwa figo mara nyingi huona kinyume chake: sumu zikishatoka mwilini na steroidi zikiingia, njaa humrudia kwa nguvu. Kwa hiyo msimlinganishe mgonjwa wenu na jirani wa figo.

Nilikuwapo mama mmoja wa Moshi alipompikia mwanawe mtori, ndizi zimepondwa zikalainika, nyama imechemka mpaka inaachana yenyewe. Kijana alionja kijiko kimoja akafunga mdomo. Alisema ni kama analamba sarafu. Mama aligeukia sinki akawa anaosha chombo ambacho kilikuwa safi. Kilichosaidia kilikuwa kidogo mno: kijiko cha mti badala ya chuma, mtori uliopoa mpaka harufu ikatulia, na kikombe cha kahawa badala ya bakuli. Nusu kikombe, kisha baada ya saa mbili nusu nyingine. Nyama ikisagwa humo ndani, mgonjwa anapata protini bila kutafuna.

Hata hivyo, ulizeni majibu ya damu kabla ya kuzidisha ndizi au madafu. Takrolimasi, moja ya dawa za kushusha kinga, inaweza kupandisha potasiamu mwilini, na vyakula hivyo vinayo kwa wingi. Balungi liachwe kabisa, kwa kuwa hupandisha kiwango cha dawa hiyo kwenye damu. Vivyo hivyo mitishamba iliyotumwa kutoka nyumbani kwa mapenzi mema: isinywewe kabla daktari hajaiona. Zamani wagonjwa hawa walikatazwa karibu kila kitu kibichi. Siku hizi hospitali nyingi husisitiza zaidi usafi. Maziwa yasiyochemshwa na mayai mabichi bado ni hatari.

Na imani inaingia wapi? Kwa niliyoyaona, kazi yake kubwa ni kumwezesha mtu kula kabla njaa haijarudi. Kula bila njaa, chakula bila ladha, siku baada ya siku, ni kazi isiyo na malipo ya papo hapo. Anayesema Bismillahi au anayefanya ishara ya msalaba juu ya vijiko vitatu vya uji ana mtu wa kumkabidhi kazi hiyo. Hali kwa sababu anatamani. Anakula kwa kuwa uhai aliopewa ni amana. Sijaona ushauri wa lishe unaoweza kuchukua nafasi ya hilo, na nalisema nikiwaheshimu sana wataalamu wa lishe.

Nguvu nazo zina hesabu yake. Kulala kitandani kunakula misuli, steroidi zinadhoofisha mapaja, na damu pungufu inaleta kizunguzungu. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea ukumbini lakini akashindwa kuinuka chooni. Mzee mmoja niliyemjua alianza kwa kuswali ameketi, kama dini inavyomruhusu mgonjwa. Baadaye akawa anasimama kwa rakaa ya kwanza, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti. Mtaalamu wa mazoezi alipomwona, alimwambia aendelee hivyo hivyo, kwa sababu kuinuka kutoka kitini ndilo zoezi alilokuwa akilihitaji.

Tahadhari moja kwa Waislamu: msifungamanishe saa za dozi na Magharibi. Desemba jua la London huzama kabla ya saa 10 jioni, Juni hupita saa 3 usiku, na dawa inayomezwa kila baada ya saa 12 haiwezi kulifuata. Kwa wote: homa ikifika nyuzi 38, simu ya hospitali kwanza, na maombi yaendelee njiani. Wageni wa kuombea wapokezane wawili wawili, na mwenye mafua aombe akiwa kwake.

Wengi huweka nadhiri ya kwenda nyumbani kutoa shukrani. Panga mapema na kliniki. Upandikizaji hufuta kinga ya chanjo za utotoni, kwa hiyo mgonjwa huchanjwa upya. Chanjo hai, ikiwemo ya homa ya manjano, kwa kawaida husubiri angalau miaka miwili, na haitolewi kwa anayetumia dawa za kushusha kinga. Daktari anaweza kuandika cheti cha msamaha, lakini cheti hakizuii mbu, na kinga ya malaria lazima ichaguliwe isigongane na dawa zako. Shukrani inaweza kusomwa mwaka huu hapo ulipo, na safari ikafuata kliniki ikikuruhusu.