Mbu, umri wake na kazi ya mwanahisabati



Mpwa wangu wa Unguja yuko kidato cha sita na hesabu anazipenda, lakini juzi kanitupia suali kwenye simu: "Mjomba, hivyo nyinyi wa chuo kikuu hasa mnafanya kazi gani? Kukokotoa si kompyuta inakokotoa?" Nilimjibu ovyo ovyo, kisha nikaona haya. Zaidi ya miaka ishirini nafundisha hisabati huku Uingereza, na suali hilo sijawahi kulijibu sawasawa hata kwa mama yangu. Basi naomba nijaribu hapa, kwa mfano mmoja tu wa malaria, manake hiyo kwetu hakuna asiyeijua.

Ronald Ross alikuwa daktari, siyo mwalimu wa hesabu. Mwaka 1897, akiwa Secunderabad, India, alivigundua vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Ungedhani angetulia. Lakini aliposema tupunguze mbu, wako waliombishia: mbu utawamaliza vipi? Ukiua elfu hapa, elfu wengine wanaruka kutoka shamba la pili. Ross akenda Mauritius 1907 na 1908 kuitazama malaria ya huko, na katika toleo la pili la kitabu chake The Prevention of Malaria, la 1911, akalijibu lile suali kwa hesabu.

Hoja yake ni hii. Mgonjwa mmoja, kabla hajapona, kupitia kwa mbu anaambukiza watu wangapi wapya? Wakiwa zaidi ya mmoja, maradhi yanakua. Wakiwa chini ya mmoja, maradhi yanaisha yenyewe, kama duka ambalo kila ukitia shilingi mia linakurudishia tisini. Kwa hivyo si lazima umalize mbu wote. Kuna kizingiti, na ukishuka chini ya kizingiti hicho kazi imekwisha, hata mbu wakiwa bado wanakulilia sikioni. Leo idadi hiyo ya watu wapya inaitwa R-sifuri, na wakati wa Korona 2020 hata wauza magazeti walikuwa wakiitaja.

Katika miaka ya 1950 akaja George Macdonald, London, akaiangalia hesabu ya Ross upya. Hapa ndipo ninapopenda kuwasimamisha wanafunzi wangu. Siwaandikii fomula kwanza. Nawauliza: mna pesa za kufanya jambo moja, mtafanya nini? Karibu wote wanasema tuue viluwiluwi kwenye madimbwi. Nawaambia haya, toeni kikokotoo.

Mbu aliyemuuma mgonjwa leo hawezi kumwambukiza mtu kesho. Vimelea vinahitaji kama siku 10 kukomaa ndani yake, kwenye joto kama letu. Tuseme kila siku, katika mbu 100, 90 wanafika kesho. Baada ya siku 10 wamebaki 35. Sasa tumepulizia dawa kwenye kuta, na wanaofika kesho ni 80 tu katika 100. Tofauti inaonekana ndogo, siyo? Baada ya siku 10 wamebaki 11. Tena hao 11 wenyewe umri uliobaki mbele yao, kwa wastani, ni siku 4 na nusu badala ya 9 na nusu. Ukiziweka hesabu mbili hizo pamoja, nguvu ya maradhi imepungua karibu mara 7. Ukiua nusu ya mbu wote wa mtaa, inapungua nusu tu. Na chandarua nacho kina hesabu yake: mbu lazima aume mara mbili, mara moja kuchukua na mara ya pili kutoa, kwa hivyo ukipunguza kuumwa kwa nusu, maambukizo yanabaki robo.

Darasa huwa kimya hapo. Mimi skuli nilisomeshwa kinyume chake, tulikariri kanuni, na ukiulizwa x ni nini unajibu x ni x. Siwalaumu walimu wetu, darasa la watoto sitini na chaki mbili utafanya nini.

Sasa nirudi nyumbani. Unguja na Pemba zilipuliziwa dawa majumbani kuanzia 1958, na kufikia 1968 watoto wenye vimelea damuni walikuwa chini ya asilimia 5. Mwaka huo kazi ikasimamishwa. Mbu walikuwa wale wale, mvua ile ile, joto lile lile. Kilichoiweka hesabu chini ya moja ilikuwa dawa ya ukutani, na ilipoondolewa hesabu ikapanda tena. Mimi nimezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 70, na malaria nimeikuta imesharudi. Mdogo wangu ilimchukua kabla hajaanza skuli. Mama alikuwa akichoma makumbi jioni kufukuza mbu, na hakuna aliyetwambia kuwa miaka michache nyuma homa ile ilikuwa karibu kutoweka. Nimekuja kuyajua hayo maktaba, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa kwa ajili ya tasnifu yangu. Siku ile sikuendelea na kazi.

Baadaye visiwa vilianza tena: dawa mseto 2003, kisha vyandarua na kupulizia kuanzia 2006, na maambukizo yakashuka chini ya asilimia 1. Suali likageuka: hii iliyobaki inatoka wapi? Mwaka 2009 Andrew Tatem na wenzake walichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za simu zaidi ya 770,000 za Zanzibar, bila majina, za miezi mitatu ya mwisho ya 2008. Wengi walikuwa wakivuka Dar es Salaam kwa siku chache na kurudi, na hatari yao ndogo. Wachache waliokaa muda mrefu kwenye sehemu zenye malaria nyingi ndio walioonekana kuweza kuleta sehemu kubwa ya vimelea.

Msidhani lakini kuwa hesabu inajitosheleza. Garki, kaskazini ya Nigeria, baina ya 1969 na 1976 walipulizia dawa na kugawa vidonge, maradhi yakapungua lakini hayakukatika. Ndipo kina Klaus Dietz na Louis Molineaux walipoandika hesabu inayotia ndani na kinga ya mwili. Na namba zao zilitoka kwa watu waliokesha usiku kucha wakihesabu mbu mmoja mmoja.

Mwishoni mwa 2023 wagonjwa waliongezeka tena ghafla Unguja, na mpwa wangu mwenyewe alikuwemo, akapona alhamdulillah. Wiki iliyopita nikamtumia ile hesabu ya siku 10, nikamwambia mahali pa 80 atie 85, tuseme dawa imeanza kuchakaa ukutani. Kanijibu baada ya dakika mbili: "Wanabaki 20, mjomba. Karibu mara mbili."